Tanga na Riziki ya Gatini

Tangu zama za Wadachi hadi juzi tu, meli kubwa iliyokuja Tanga ilikuwa haifiki gatini. Ilitia nanga mbali, penye kina, ikangoja kufuatwa huko huko kama bibi harusi, kwa kuwa maji ya gatini, yenye kina cha mita 3 hivi, yalitosha majahazi na matishari lakini hayakumudu chombo cha bahari kuu. Jambo hili, ambalo mhandisi huliona ni kasoro ya maumbile basi, ndilo lililopanga kazi za mji mzima, maana kila gunia na kila robota lilishikwa mara mbili kabla ya kufika lilikokwenda.

Tishari lilivutwa na tagi mpaka ubavuni mwa meli. Genge moja la makuli lilikuwa chini ngamani, likipanga shehena katika wavu; mwendesha winchi, ambaye aghalabu hakuweza kuyaona ya chini, alifuata mikono ya mwenzake aliyesimama ukingoni kumwashiria, na ishara moja iliyokosewa iliweza kumshushia mtu tani nzima kichwani. Genge la pili lilipokea ndani ya tishari, lililokuwa likipanda na kushuka na wimbi, na la tatu lilingoja gatini kupakua upya kile kilichokwisha pakuliwa. Mvua ikinyesha kazi ilisimama, na kibarua anayelipwa kwa siku akarudi kwake mtaani Ngamiani mikono mitupu. Mfanyabiashara aliulalamikia ujira wa mara mbili, naye alikuwa na haki. Ila ujira huo ndio uliotia moto katika meko ya nyumba nyingi za mji.

Mzigo mkuu uliopita mikononi mwa watu hao ulikuwa mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na katika hiyo ni 62 tu iliyofika pwani yetu ingali hai. Kutoka miche hiyo michache yakaenea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianzia Tanga, na kufikia 1911 garimoshi lilikuwa limefika Moshi. Wakataji walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba, na kazi yao ikaandikwa katika kadi iliyoitwa kipande, ambayo haikulipwa mpaka zitimie siku 30 za kazi, siku ya ugonjwa isihesabiwe. Majani waliyoyakata yalipelekwa kwenye mashine ya korona kukamuliwa, nyuzi zikaanikwa, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, kisha zikateremshwa kwa reli hadi bandarini. Kwa hiyo aliyekuwa shambani na aliyekuwa tisharini walikula kutoka sufuria moja, ingawa pengine hawakuonana maisha yao yote. Makuli wa bandarini, kwa kuwa walikaa pamoja na kazi yao haikuweza kuahirishwa, waliwahi kuitambua nguvu yao: mwaka 1939 waligoma.

Wala si mabega peke yake yaliyopata riziki baharini. Kalamu nayo ilikuwa na fungu lake, na inafaa kukumbuka kwamba mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji huu, alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Fasihi yetu ina deni fulani kwa ushuru wa bidhaa.

Mwaka 1964 nchi ilitoa kiasi cha tani 230,000 za mkonge, ikawa ya kwanza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yakawa kama tani 20,000 tu. Wapo wanaoutupia utaifishaji lawama zote. Kwa rai yangu hilo ni nusu ya habari, kwa kuwa soko lilikuwa limekwisha kugeuka, na mji ulioegemea zao moja haukuwa na pa kujishikiza lilipokwenda kombo.

Sasa bandari imechimbwa. Katika kazi iliyoanza 2019, ambayo Serikali ilitangaza kuwa imegharimu shilingi bilioni 429, kina kimefikishwa mita 13 na gati la mita 450 limejengwa upya, hata meli hufunga kamba gatini na shehena hushikwa mara moja. Wafanyabiashara wa Arusha na Kilimanjaro wana sababu ya kufurahi. Lakini kreni moja na mwendeshaji wake hufanya kazi ya genge zima, na makontena hayahitaji mgongo wa mtu. Hata bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga, ambalo wengi wamelitegemea, lina tabia hiyo: kulilaza kunataka maelfu ya watu, kuliendesha kunataka wachache wenye elimu. Riziki pana zaidi ya mkoa ingali katika vitu visivyopigiwa ngoma, saruji ya Pongwe, machungwa ya Muheza, maziwa, uvuvi, mwani, na mama lishe anayemngoja dereva wa lori aliyekwama kwa karatasi za forodha.

Kwa hiyo mzazi wa Tanga asimhesabie mwanawe ajira ya gatini kwa kuwa tu babu yake alikuwa kuli. Nao wenye mamlaka, maadamu wamekwisha kutumia mabilioni kuchimba bahari, wasione ni gharama kuwafundisha vijana wa mji huu, papo hapo Tanga, kuendesha kreni, kuzitengeneza zinapoharibika na kuandika hati za forodha, kabla nafasi hizo hazijajazwa na watu wa kutoka kwingine.