Gemu la kasri la popo: Mzazi, kabla ya kumpokonya kijana simu soma hapa

Unaingia sebuleni jioni, unamkuta kijana wako amejikunyata kwenye kochi na simu mkononi. Unachungulia kiooni. Unaona kasri la giza, mishumaa, popo, mifupa inayotembea, na katikati yake kijana mrefu mwenye nywele zilizopauka akikata huku na huku kwa upanga.

Kwa wazazi wengi, iwe hapa Hamugembe au kule Muleba, wazo la kwanza ni moja tu: mtoto anacheza na mashetani. Hatua ya pili ni kupokonya simu. Hatua ya tatu, ambayo mzazi haioni, ni kijana kwenda kumalizia gemu lake kwenye simu ya rafiki.

Kuna sababu ya kusita kidogo kabla ya hatua ya pili. Inawezekana kabisa kwamba alichokuwa akicheza ni Castlevania: Symphony of the Night, gemu lililotoka mwaka 1997 na ambalo mpaka leo watu wazima, wengine wakiwa na watoto wao, wanalitaja kuwa miongoni mwa magemu bora waliyowahi kucheza. Na ndani ya lile giza lote kuna hadithi ya mama na mtoto wake ambayo mzazi anaweza kuitumia nyumbani.

Gemu lenyewe ni lipi?

Vijana wa vibanda vya gemu wanaijua kampuni ya Konami ya Japani kwa sababu ya mpira. Ndiyo iliyotengeneza Winning Eleven na PES. Kampuni hiyohiyo ilianza mfululizo wa Castlevania mwaka 1986, na mwaka 1997 ikatoa hili la Symphony of the Night kwa ajili ya PlayStation ya kwanza.

Ni gemu la kuangaliwa kwa ubavu. Mhusika anatembea kulia na kushoto, anapanda na kushuka, na picha inasogea pamoja naye. Mwaka ule kila kampuni ilikuwa inakimbilia magemu mapya ya kuzunguka pande zote, kwa hiyo wengi waliliona kama kitu cha zamani. Nchini Marekani mauzo yake hayakuwa makubwa mwanzoni. Lilipata jina polepole, mchezaji mmoja akimsimulia mwenzake.

Kwenye vibanda vyetu si rahisi kulikuta. Kibanda kinaendeshwa kwa mechi fupi: wawili wanakaa, wanashindana, aliyefungwa anampisha mwingine. Hili ni la mtu mmoja, na linachukua saa nyingi. Lakini Machi 2020 lilitolewa kwa simu za Android na iPhone kwa karibu dola 3 za Marekani, unalipa mara moja. Ndiyo maana leo mzazi anaweza kulikuta kwenye kochi lake.

Mwana wa Dracula

Mhusika mkuu anaitwa Alucard. Soma jina hilo kuanzia nyuma, utapata Dracula, yule mnyonya damu aliyepata umaarufu duniani kupitia riwaya ya Bram Stoker wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1897, miaka 100 kamili kabla ya gemu hili.

Alucard ni mtoto wa Dracula. Mama yake, Lisa, alikuwa binadamu wa kawaida aliyewatengenezea wagonjwa dawa. Watu wakamtuhumu uchawi, wakamuua mbele ya mwanawe. Baba akaamua kuwaangamiza binadamu wote kwa kisasi. Mtoto akakataa. Gemu zima ni safari ya kijana anayeingia kwenye nyumba ya baba yake kumzuia asilipize kisasi cha mama.

Mwishoni Alucard anamweleza baba yake maneno ya mwisho ya mama: kwamba asiwachukie binadamu, na kama hawezi kuishi nao basi angalau asiwadhuru, kwani maisha yao ni magumu tayari. Dracula, aliyeutisha ulimwengu mzima, anaishiwa nguvu mbele ya maneno ya mkewe.

Mzazi wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa sana hapo. Kanda yetu imewahi kushuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyokaa miaka mingi kwenye moshi wa kuni. Kila aliyeuawa hivyo aliacha watoto au wajukuu waliobaki na swali la Alucard: nifanye nini na chuki hii? Mazungumzo ya namna hiyo ni mazito kuyaanzisha na kijana wa miaka 15. Gemu limeshakufungulia mlango.

Kwa nini hawalichoki?

Mwanzoni Alucard anaingia kasri akiwa na silaha nzuri, anapiga kila kitu kwa pigo moja au mawili. Baada ya muda mfupi anakutana na Kifo, akiwa na mundu wake, ambaye anamnyang'anya kila alichonacho. Mchezaji anabaki mikono mitupu, na kuanzia hapo lazima ajijenge upya.

Kasri ni kubwa na limejaa milango isiyofunguka na sehemu zisizofikika. Kijana anaona kibaraza cha juu, anaruka, hafiki. Anaondoka, anaendelea kwingine, na saa mbili baadaye anapata uwezo wa kuruka mara mbili hewani. Papo hapo anakumbuka kile kibaraza. Baadaye anaweza kugeuka mbwa mwitu, akageuka popo na kuruka, akageuka ukungu na kupenya kwenye vyuma ambavyo mwanzoni vilimzuia. Ramani inajaa chumba kwa chumba, na asilimia ya alipofika inaonekana.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kupendwa kwake. Mlango uliokushinda jana unakungoja. Hauambiwi kwamba umefeli, unaambiwa hujawa tayari. Kijana anayesoma hesabu kidato cha pili anaijua vizuri tofauti hiyo, hata kama hajawahi kuisema kwa maneno.

Mtindo huo wa kurudi nyuma ukiwa na uwezo mpya ulikwisha kuonekana kwenye Metroid, gemu la Nintendo la mwaka 1986. Majina mawili yakaunganishwa, na leo aina nzima ya magemu duniani inaitwa metroidvania.

Siri ya pili ni uzuri wake. Picha za wahusika zilichorwa na Ayami Kojima, na muziki ulitungwa na Michiru Yamane, wote wanawake wa Kijapani. Muziki unabadilika kila unapoingia sehemu nyingine ya kasri: hapa kinanda cha kanisa, pale gitaa la umeme, kule ala za nyuzi zinazolia taratibu. Wachezaji wengi wanausikiliza hata bila kucheza.

Siri ya tatu ni miwani. Ndani ya kasri yumo mtu aitwaye Richter, shujaa wa zamani aliyegeuka mwovu. Mchezaji mwenye haraka anampiga, anamshinda, na gemu linaisha kwa huzuni. Wengi huamini wamemaliza. Lakini mchezaji aliyechunguza kila kona anaweza kuwa amepewa miwani ya pekee na dada mmoja aitwaye Maria. Akiivaa, anaona kwamba juu ya Richter kunaelea tufe linalomtawala. Analipiga tufe, anamwacha mtu. Richter anapona, na juu angani linatokea kasri la pili, lilelile lakini limepinduliwa: dari imekuwa sakafu. Nusu nzima ya gemu ilikuwa imefichwa kwa wale wanaopiga kabla ya kuangalia.

Mtu aliyegundua hilo mwenyewe akiwa na miaka 14 halisahau. Mmoja wa watengenezaji wakuu wa gemu hili, Koji Igarashi, aliondoka Konami mwaka 2014, na mwaka uliofuata akaomba michango ya watu mtandaoni atengeneze gemu jingine la namna hiyo. Walimchangia zaidi ya dola milioni 5.5, na gemu hilo, Bloodstained: Ritual of the Night, likatoka mwaka 2019. Hapana shaka baadhi ya waliotoa pesa walikuwa watoto wa mwaka 1997 waliokwisha kukua.

Na hayo mazimwi?

Hofu ya mzazi kuhusu mapepo na mifupa ni ya haki, na haifai kuchekwa. Tukumbuke tu kwamba hadithi za bibi zetu nazo zilijaa mazimwi yanayokula watu. Tulizisikiliza usiku, giza likiwa nje na migomba ikigongana kwa upepo, na hatukugeuka kuwa mazimwi. Tofauti ni kwamba hatukuzisikiliza peke yetu. Bibi alikuwepo.

Katika utambaji wa hadithi za Kihaya wasikilizaji wana kazi yao. Mtambaji akisema alikuja akaona, wao humwitikia wakimtaka aone ili na wao waone. Mtafiti wa Kimarekani Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya, aliona itikio hilo lina uzito kiasi cha kulifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Kijana mwenye gemu yuko mahali pa mtambaji. Yeye ndiye anayeona. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuitikia.

Mambo ya kufanya nyumbani

Zingatia umri. Bodi ya Marekani inayopanga magemu kwa umri, ESRB, imeliweka hili kwenye kundi la vijana, yaani miaka 13 kwenda juu. Lina damu ya kuchorwa, mapigano mengi, na baadhi ya viumbe wa kike waliochorwa wakiwa na mavazi machache. Mtoto wa darasa la pili asipewe. Na kama kijana wako anaota ndoto mbaya au anaogopa kulala peke yake baada ya kucheza, lisimame, hata kama wenzake wanacheza.

Elewa maana ya "ngoja kidogo". Kwa utaratibu wake wa asili, gemu hili linahifadhi ulipofikia katika vyumba maalumu tu. Ukizima simu kabla kijana hajafika kwenye chumba hicho, kazi yake ya nusu saa inaweza kupotea, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Badala ya kusema "zima sasa hivi", sema "ukifika chumba cha kusevu, simama". Ni muda mfupi tu, na anajua kwamba umemwelewa. Asipotimiza, hapo una haki ya kuchukua simu na yeye mwenyewe atajua kwa nini.

Panga saa. Gemu refu linakula usiku. Wekeni muda kabla ya kuanza, siku za shule na siku za mapumziko, na simu ilale chumbani kwa wazazi.

Ulizia pesa. Gemu la kulipia mara moja mara nyingi ni nafuu kuliko lile linaloitwa la bure kisha kila siku linamshawishi mtoto anunue kitu kidogo kwa pesa ya simu. Angalia pia kwamba limetoka kwenye duka rasmi la simu, maana nakala za kupakuliwa ovyo zinaweza kuja na virusi.

Kaa naye nusu saa. Huna haja ya kushika simu. Mwombe akuonyeshe ramani, akueleze Alucard ni nani na kwa nini anapigana na baba yake. Maneno yake si ya Kiswahili, kwa hiyo atalazimika kukutafsiria, na Kiingereza chake kitafanya mazoezi bila kujua. Muulize: ungekuwa wewe, mama yako ameuawa kwa kusingiziwa, ungemfuata baba au ungekumbuka maneno ya mama? Usikimbilie kumpa jibu. Msikilize mpaka amalize.

Ukishasikiliza, unaweza bado kuamua kwamba gemu hili halifai kwa nyumba yako. Ni haki yako. Utakuwa umeamua ukijua unachokataa, na kijana atakuwa amesikia sababu kutoka kwa mtu aliyeliangalia.

Kisha mwambie asevu, aje mezani kabla ndizi hazijapoa.