Vijiti vya Maandishi Mjini Bergen

Bergen ni mji wa bandari katika nchi ya Norwei, kaskazini mwa Ulaya. Huko mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na siku tuliyoutembelea tulilowa tangu asubuhi. Kando ya bandari zimesimama nyumba za mbao, ukuta kwa ukuta. Mahali hapo huitwa Bryggen, yaani gatini. Zamani wavuvi wa kaskazini walileta hapa samaki waliokaushwa kwa upepo bila chumvi, wakarudi na nafaka.

Nyumba za mbao huwaka upesi. Mwaka 1955 sehemu ya Bryggen iliungua. Hasara ilikuwa kubwa, lakini pale palipoungua wataalamu walipata nafasi ya kuchimba, na wakachimba miaka mingi. Jumba la makumbusho likajengwa papo hapo, likafunguliwa mwaka 1976.

Humo ndani kuna viatu, vyungu na vitana vya watu wa kale. Sisi tulivutwa zaidi na vijiti. Ni vipande vya mti vilivyochongwa herufi kwa kisu, na yamepatikana maandishi zaidi ya 600 ya namna hiyo. Mengi yana umri wa miaka 600 hadi 900. Herufi zake zinaitwa runi. Zina mistari iliyonyooka, kwa sababu kisu hakipindi kirahisi kwenye mti. Matope yasiyopitisha hewa ndiyo yaliyovilinda vijiti visioze.

Zamani wengi walidhani kuwa enzi zile kuandika kulikuwa kazi ya mapadri na wakubwa tu. Kumbe sivyo! Wewe msomaji uliyepitia kisomo utaelewa upesi: vijiti vingine vilifungwa kwenye mizigo, vimeandikwa jina la mwenye mali, basi. Mizigo ikichanganyika gatini, kijiti ndicho shahidi wako. Tena kuna mfanyabiashara mmoja, Tore, anayemwandikia mshirika wake kuwa hali ni mbaya, pombe hakuna, samaki hakuna, kwa hiyo asimdai.

Mambo ya nyumbani nayo yamo. Kijiti kimoja kinasema tu kwamba Gyda anakuambia urudi nyumbani. Watu hudhani huyo aliyeitwa alikuwa kilabuni, na sisi tunadhani hivyohivyo. Upande wa pili kuna mtu aliyejaribu kuandika kitu, labda jibu, lakini mpaka leo wataalamu hawajaweza kulisoma.