Je, Wajua? Mkunjo Mmoja Katika Noti

Noti mpya ikikunjwa mara moja tu katikati hushuka chini ya alama 60, ambapo daraja la noti ambazo hazijatumika huanza, katika kipimo cha alama 1 hadi 70 kilichobuniwa mwaka 1949 na William Sheldon kwa ajili ya sarafu za senti za Marekani.

Noti zenye namba zinazofuatana hupimwa moja moja, hivyo kona iliyopinda ya noti moja haiathiri daraja la jirani yake. Nchini Marekani, noti iliyoharibika kiwandani hubadilishwa kwa nyingine yenye nyota mwishoni mwa namba, na mfululizo hukatika.

La kusikitisha zaidi ni kuipiga noti pasi: mkunjo hufifia, lakini karatasi hupoteza miinuko midogo ya chapa inayohisiwa kwa kidole.