Ugomvi wa vina na mizani ulivyojenga sura ya taifa

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Kifungilo, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, hutumia sehemu kubwa ya siku yake ya masomo akisoma kwa Kiingereza. Hisabati, Jiografia na Baiolojia hufundishwa kwa lugha hiyo, kama ilivyo katika shule nyingine za sekondari nchini. Nje ya shule, lugha ya wenyeji ni Kishambaa. Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa, kwake ni somo moja katika ratiba, na ndani ya somo hilo ushairi ni sehemu ndogo tu.

Hata hivyo, sehemu hiyo ndogo imebeba mjadala mkubwa kuliko unavyoonekana ubaoni. Kwa zaidi ya miaka 30 washairi na wasomi wa Tanzania walibishana juu ya umbo la shairi la Kiswahili, na chini ya ubishi huo lilikuwapo swali jingine: Kiswahili ni mali ya nani, na mtu wa bara anapokitumia kutunga afuate mapokeo ya nani?

Kwa miaka mingi, diwani zilizosomwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne zilikuwa ‘Wasakatonge’ ya Mohammed Seif Khatib, ‘Malenga Wapya’ iliyoandaliwa na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI) ya Zanzibar, na ‘Mashairi ya Chekacheka’ ya Theobald Mvungi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba yapo mashairi ya kimapokeo na yapo ya kisasa, na katika mtihani hutakiwa kuyatofautisha.

Tofauti yenyewe si ngumu kueleza. Shairi la kimapokeo lililozoeleka lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, na hukatwa katikati kuwa vipande viwili vya mizani minane. Vina hulingana katikati na mwishoni, na mara nyingi mshororo wa mwisho hurudiwa katika kila ubeti kama kibwagizo. Utenzi una mishororo mifupi zaidi, na kina kimoja hufunga beti zote tangu mwanzo hadi mwisho. Shairi la kisasa, ambalo pia huitwa shairi huru au masivina, halifungwi na hesabu hizo. Hutegemea mpangilio wa maneno, picha na mapigo ya sauti.

Kanuni za kimapokeo zilikomaa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Zanzibar. Gazeti la serikali ya kikoloni, Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, ndilo lililozifikisha mbali, kwa kuwa lilichapisha mashairi ya wasomaji wake wa pwani na bara. Miongoni mwa waliochapishwa humo ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na mji wa Tanga, akafariki dunia mwaka 1962. Mshairi huyo ambaye mkoa wa Tanga, ikiwamo Lushoto, humhesabu kuwa wake, alikuwa na asili ya Kiyao. Alikipenda Kiswahili na kukitetea kuwa lugha inayoweza kubeba kila fikra, miaka mingi kabla ya nchi kuwa huru.

Mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha ‘Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri’, kitabu kilichoziweka kanuni hizo wazi ili mtu yeyote aweze kujifunza. Hapa lipo jambo ambalo husahaulika. Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Saadani Kandoro, mshairi na mmoja wa waasisi wa TANU, naye alitoka Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyejulikana kwa tungo za ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkristo, na ndiye aliyeandika historia na desturi za Wagogo.

Kwa hiyo, watetezi wakubwa wa vina na mizani hawakuwa watu wa pwani peke yao. Kwa mtu wa bara wa kizazi kile, kuzimudu kanuni za pwani kulikuwa njia ya kuvuka mpaka wa kabila na kuingia katika jamii pana zaidi. Aliyetunga kwa ufundi gazetini alisomwa Tanga na Kigoma, na hakuna aliyemuuliza ukoo wake.

Baada ya Uhuru, serikali iliuona uwezo huo. Mwaka 1968, Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi na mfasiri wa Shakespeare, aliwahimiza washairi wawaeleze wananchi siasa ya Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka mmoja kabla. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA) kilishika nafasi ya mbele katika kazi hiyo. Ngonjera za Mnyampala, ambazo ni mashairi ya kujibizana, zilifundishwa shuleni, na watoto walizighani mbele ya wageni na viongozi. Maelfu walijifunza ujamaa na Kiswahili kwa wakati mmoja. Udhaifu wake ni kwamba katika ngonjera ya aina hiyo asiyejua huuliza, anayejua humjibu, na mwishoni wote hukubaliana.

Ndipo mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipochapisha ‘Kichomi’. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mashairi yake mengi katika diwani hiyo hayakufuata vina wala mizani, na mzungumzaji ndani yake alikuwa mtu mmoja mwenye mashaka na maswali yasiyo na majibu. Mwaka 1976, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa ‘Malenga wa Bara’, diwani ambayo jina lake pekee lilikuwa tamko.

Upande wa mapokeo ulijibu kwa ukali. Tungo hizo ziliitwa guni, yaani mashairi yenye kasoro, na watungaji wake waliambiwa wameiga Wazungu. Mwaka 1984 Jumanne Mayoka alichapisha kitabu kuhusu mgogoro huo. Wanausasa nao walijibu kwamba nyimbo za jadi za makabila mengi ya bara hazikupimwa kwa vina, na kwamba aliyelelewa na nyimbo hizo haachi kuwa Mswahili kwa kuzifuata. Pande zote mbili zilidai kulinda utamaduni. Zilichotofautiana ni utamaduni upi.

Mfano wa Kenya unaonyesha kwamba umbo pekee halitoshi kuamua upya wa shairi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, alitunga gerezani mashairi ya ‘Sauti ya Dhiki’ kwa kufuata kanuni za kimapokeo. Vina vya kale vilibeba malalamiko ya raia wa taifa jipya.

Leo ugomvi huo umetulia. Kezilahabi alifariki dunia mwaka 2020 akiwa anafundishwa shuleni pamoja na waliompinga. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ilikuwa na nafasi ya ushairi.

Lakini ukitazama kutoka Usambara, swali la wanausasa halijajibiwa lote. Kiswahili si kigeni katika milima hiyo. Historia ya watawala wake, ‘Habari za Wakilindi’, iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nyimbo za Kishambaa, hata hivyo, hazimo katika somo la ushairi, kama zisivyokuwamo za Kigogo au Kikerewe, kwa sababu lugha hizo hazifundishwi shuleni. Hoja iliyotumika kulitetea shairi huru, kwamba bara nalo lina mapokeo yake, ilishinda kuhusu umbo la shairi, lakini nyimbo zenyewe zilizotajwa kuwa ushahidi zilibaki nje ya darasa.

Hatari nyingine ni ya mtihani. Mwanafunzi anaweza kuhesabu mizani bila kosa, akataja aina ya vina na kupata alama zote, pasipo kuambiwa kwamba watetezi wa mapokeo na wanausasa waliwahi kuvutana juu ya hesabu hiyo kwa sababu kila upande uliamini unailinda nchi. Akiambiwa, ataelewa kwamba Kiswahili anachokisoma hakikushuka kutoka pwani kikiwa kimekamilika. Kilitengenezwa pia na watu waliokikuta wakiwa na lugha nyingine nyumbani, kama alivyo mtoto wa Kishambaa anayesoma Kifungilo.