Mkusanyaji Nyuma ya Dondoo: Mwalimu Sikujua bin Abdallah

Watahiniwa wengi humtaja Muyaka bin Haji bila kumjua aliyetuhifadhia tungo zake. Makala haya yanamweleza mkusanyaji huyo na funzo lake kuhusu maswali ya dondoo.

Muyaka, malenga wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Aghalabu alitunga kujibu tukio la wakati wake, kwa mfano uhasama baina ya Wamazrui na Seyyid Said. Miongo kadhaa baadaye, watu waliokumbuka tungo hizo pamoja na chanzo chake walikuwa wakipungua.

Hapo ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa, alipozikusanya kutoka kwa waliozihifadhi vichwani na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyeziongezea maelezo. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens, ilichapishwa mwaka 1940. Kwa hivyo tutofautishe mtunzi, mkusanyaji na mhariri.

Je, maelezo yana faida gani? Utungo unaotaja bahari na chombo waweza kuwa unahusu vita. Msomaji asiyejua ulielekezwa kwa nani, na kwa sababu gani, ataona ubaharia tu.

Hili ndilo tatizo la mtahiniwa anayekariri dondoo kutoka vijitabu vya marudio bila kuisoma kazi yenyewe. Anapoambiwa aeleze muktadha, hutakiwa kutaja:

(a) msemaji;
(b) msemewa;
(c) mahali;
(d) sababu ya kusema.

Akikosa hayo, huzipoteza alama ingawa maneno anayajua barabara.

Funzo hili lahusu pia fasihi simulizi ya kwetu Ukambani. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya hadithi za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966. Hata hivyo, methali na nyimbo nyingi zingali vinywani mwa wazee wa Mutomo, Mwingi na Wote. Mwalimu awatumapo wanafunzi nyanjani, wasirudi na maneno matupu. Waandike jina la fanani, mahali, tarehe, hadhira na tukio lililosababisha usemi. Mzee akishaondoka, maneno yake huenda yakabaki; muktadha ndio usioweza kuulizwa tena.