Kabla ya taa na bampa: gari lako la porini lianze na nini?

Mtu akinunua gari lake la kwanza la kuvuta kwa magurudumu yote manne, iwe Land Cruiser, Hilux au kijigari cha Suzuki Jimny, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja atamwambia aweke bampa la chuma, mwingine taa juu ya paa, wa tatu aliinue gari. Pesa huishia hapo. Mvua ikianza, gari lenye taa nane linakwama mahali ambapo pikapu kuukuu ya kubeba nazi imepita asubuhi.

Huku kwetu gari la aina hii si pambo. Ganze, Magarini, Kinango au Tana Delta, gari la jirani ndilo linalogeuka ambulansi usiku mama akishikwa na uchungu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoifunika sehemu ya barabara ya Garsen kwenda Lamu, tuliona kwamba hata lami yenyewe haina ahadi. Kwa hivyo swali la shilingi ya kwanza iende wapi ni zito. Huu ndio mpangilio ninaoushauri.

Kwanza, tengeneza kilichopo. Usiongeze kitu juu ya ugonjwa. Mwambie fundi akague breki, springi, bushi, rediata, mipira ya maji na mafuta ya difu. Mafuta ya difu yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia. Sisi watu wa Pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo uisikilize, na kila ukitoka ufuoni osha chini ya gari kwa maji matamu.

Pia jifunze kutumia ulichonacho. Kuna watu humiliki gari mwaka mzima bila kugusa ile gia nzito yenye alama ya 4L. Katika Land Cruiser nyingi za kazi, lazima ushuke ugeuze vifungo vya magurudumu ya mbele hadi LOCK, la sivyo magurudumu ya mbele hayavuti. Na kama gari lako ni la kubadilisha kati ya 2H na 4H, usitumie 4H kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na mkazo wote huishia kwenye gia.

Pili, tairi. Hapa ndipo pesa hufanya kazi kubwa kuliko kwingine kote, kwa kuwa tairi ndiyo sehemu pekee inayogusa ardhi. Kwa wengi wetu, wanaoendesha lami siku nyingi na vumbi siku chache, tairi ya A/T inatosha. Ile ya M/T yenye meno makubwa ni nzuri kwenye tope, lakini hupiga kelele, hunywa mafuta, na haishiki vizuri lami iliyolowa.

Ukinunua za mitumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tairi iliyoandikwa 2316 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hata ikiwa na meno mazuri, mpira wake umezeeka.

Usikimbilie saizi kubwa. Tairi kubwa hulifanya gari kuwa zito kuondoka, huchosha breki, na kipima mwendo huonyesha kasi ndogo kuliko ile unayokwenda.

Pamoja na tairi, nunua kipimo cha upepo na pampu ndogo ya umeme wa betri. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa. Kwenye mchanga laini, ukishusha upepo kutoka psi 32 hadi 18 hivi, tairi hurefuka chini na gari hupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Endesha polepole, usikate kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Tatu, vifaa vya kujikwamua. Sepetu, kamba ya kuvutia yenye kunyumbuka, shakeli zenye kipimo cha uzito, na vibao viwili vya kuweka chini ya tairi. Ila kamba ni hatari ikifungwa pabaya. Vile vitundu vya chuma chini ya gari mara nyingi viliwekwa ili kulifungia melini, si kwa kulivuta kutoka topeni. Na usifunge kamba kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kikikatika huruka kama risasi, na kimewahi kuua watu. Weka ndoano halisi iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, na watu wasimame mbali.

Nne, springi, kama mzigo unazidai. Wengi huinua gari wakidhani watavuka mawe. Katika gari lenye ekseli nzima, springi ndefu huinua bodi tu. Difu hubaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu tu: tairi iliyozidi sentimita 5 huinua difu sentimita 2.5. Springi mpya zina maana gari likizama nyuma kwa mzigo wa kila siku, na hapo chagua zinazolingana na mzigo huo.

Mwisho, vilivyobaki. Bampa na winchi huongeza makumi ya kilo mbele, kisha springi ulizoridhika nazo zinaanza kulemewa. Bomba la hewa linalopanda hadi paani huzuia injini kuvuta maji, lakini halizuii mkondo kulisomba gari. Mto ukiwa unakimbia, subiri. Kwa anayevuka maji mara kwa mara, kurefusha vipumulio vya difu kwa mpira mwembamba ni kazi ndogo yenye manufaa makubwa. Na kabla ya kubadilisha kitu kikubwa, uliza kama sheria inakiruhusu, na uiarifu kampuni yako ya bima.

Mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya hatua tatu za kwanza, endesha msimu mmoja wa mvua, uandike kila mahali gari liliposhindwa na sababu yake. Lisipokwama usiku, taa za paani hazina kesi ya kujibu. Likisugua tumbo kila safari ya Marafa, sasa una sababu ya kutoa pesa.