Ndege ya mabawa mawili ndani ya sanduku la zamani: namna ya kuijenga mpaka iruke

Kwenye soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, mujini Bruxelles, watu wanatandika chini vitu vilivyotoka ndani ya nyumba za wazee: sahani, saa, vitabu, michezo ya watoto. Mara moja moja linatokea sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya ndege ya vita ya zamani, yenye mabawa mawili, moja juu ya lingine. Ndani yake kuna mbao nyembamba kama biskuti, plani iliyokunjwa, karatasi laini na elastike iliyokwisha kugeuka unga. Mkongomani anayeishi kule anaweza kuona hiyo ni zawadi nzuri ya kupelekea mtoto wa ndugu yake wa Bukavu ao wa Lubumbashi. Likisha kufika, swali ni moja: ile ndege inajengwa namna gani, na je, itaruka kweli?

Kuruka inaweza. Ila nyingi zinazojengwa kwa haraka zinaanguka pua juu, mkia chini, mita chache tu kutoka mkononi mwa mwenye kuzirusha. Na sanduku la zamani halina la pili. Kipande kikivunjika, hakuna duka jirani la kununua kingine. Ndiyo sababu kazi inapashwa kuanza kabla ya kushika wembe.

Tuchukue mfano unaojulikana sana: maketi ya Sopwith Camel ya kampuni ya Guillow's ya Marekani. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1926 katika muji wa Wakefield, jimbo la Massachusetts, na Paul Guillow, aliyekuwa rubani wa jeshi la majini. Mwaka uliofuata Lindbergh alivuka Atlantiki peke yake ndani ya ndege, na vijana wa Marekani wote wakataka kujenga ndege. Camel ya maketi ina upana wa sentimita 71 kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ingine. Ni ndogo mara 12 kuliko ile ya kweli, ambayo Waingereza waliingiza vitani mwaka wa 1917.

Kwa nini mabawa mawili? Wakati ule ndege zilijengwa kwa mbao, kitambaa na waya. Bawa moja refu la mbao lingepaswa kuwa nene na nzito sana ili lisivunjike. Mafundi wakagawa bawa kuwa mawili mafupi, wakayaunganisha kwa nguzo na waya za kuvuka, ikawa kama daraja: kila kipande ni chepesi, lakini vyote pamoja vina nguvu.

Congo ilijua ndege za namna hiyo mapema. Mwaka wa 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za Short, za mabawa mawili na za kutua juu ya maji, mpaka Mtoa, kandokando ya ziwa Tanganyika, si mbali na Kalemie ya leo. Kutoka pale zilienda kutupa mabomu Kigoma, kwa Wajerumani. Kisha, mwaka wa 1925, Edmond Thieffry alitoka Bruxelles tarehe 12 mwezi wa pili ndani ya ndege ya Handley Page ya mabawa mawili, akafika Léopoldville tarehe 3 mwezi wa ine. Safari ilimuchukua siku 51.

Mbao yenyewe

Balsa ni muti wa Amerika ya joto, na nyingi inayouzwa duniani inatoka Ecuador. Jina lake kwa Kispania maana yake ni chelezo. Unakomaa kwa haraka: baada ya miaka mitano hivi ao saba unaweza kukatwa. Mbao yake imejaa maji wakati muti uko hai, na ikikauka inabaki na nafasi tupu nyingi ndani. Ndiyo maana ni nyepesi na bado inashika.

Lakini balsa si moja. Ubao wa unene wa milimita 1.6, upana wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 90 unaweza kuwa na gramu 11, na mwingine wa kipimo kilekile ukawa na gramu 22. Kwa macho vinafanana. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kazi hii ni mizani ndogo, kama zile za wauza zahabu. Waundaji wengi wanalalamika kwamba mbao za ndani ya masanduku ni nzito kuliko inavyohitajika, na hapo wana haki: kampuni inatafuta mbao isiyovunjika njiani, si mbao bora ya kuruka.

Tangu 2019 mpaka 2020 bei ya balsa ilipanda sana, juu viwanda vya mitambo ya umeme wa upepo, zaidi vile vya China, viliitaka kwa ajili ya mapanga yake makubwa. Wakataji wakaingia mpaka katika inchi za wenyeji wa msitu wa Amazonia. Umeme safi kule, msitu unakatwa huku: mutu wa Kolwezi haitaji kuelezwa mara mbili.

Anayekosa balsa anaweza kujaribu parasolier, ule muti wa majani kama mwavuli unaoota haraka mahali msitu ulikatwa. Mbao yake ni nyepesi kati ya miti yetu, ingawa haifikii balsa. Inafaa kwa pua ya ndege, mahali uzito unatakiwa. Mwanzi uliopasuliwa vijiti vyembamba unafaa kwa miguu ya magurudumu; waundaji wa zamani waliutumia kabla balsa haijaenea.

Kabla ya kukata

Kitu chenye bei ndani ya sanduku la zamani si mbao. Ni plani. Kwenye plani ndege imechorwa kwa ukubwa wake kamili, na kila kipande kinawekwa juu ya muchoro wake. Mbao ikiharibika mutu anakata ingine. Plani ikichanika ao ikilowana kole, kazi imekwisha. Basi kazi ya kwanza ni kuipeleka kwa wenye kupiga fotokopi, hata kama inaombwa kukatwa vipande vinne na kuunganishwa kwa skochi. Mbao zenye vipande vilivyochapwa nazo zipigwe fotokopi, upande na upande. Kisha fotokopi ipimwe kwa rula dhidi ya plani yenyewe, juu mashine nyingi zinapunguza ao kuongeza kidogo. Tofauti ya milimita mbili katika bawa la kushoto peke yake inatosha kuharibu ndege.

Vipande vya ndani ya sanduku vilikatwa kiwandani kwa chuma chenye makali. Chuma kile kikizeeka hakikati tena, kinaponda. Mutu akisukuma kipande kwa kidole ili kitoke, kinavunjika kwenye mishipa ya mbao. Njia ni kupitisha wembe mpya kwanza mbele, kisha nyuma, polepole, na kusugua kwa papie ya msasa. Mbao iliyokauka miaka mingi inaweza kuvunjika kama chaki. Ijaribiwe kwa kukunja kijiti kimoja kidogo. Kikipinda na kurudi, mbao ingali hai. Kikivunjika pale pale, afadhali kutumia vipande vya zamani kama kipimo tu na kukata vipya.

Karatasi ya zamani, elastike na kole iliyokauka vitupwe bila huruma. Picha za kubandika zilizogeuka manjano zinaweza kuwekwa kwenye kioo cha dirisha siku kadhaa, jua linazirudishia weupe. Kabla ya kuzilowesha zipakwe verni kidogo, la sivyo zinamegeka ndani ya maji.

Kujenga, na hesabu ya mkia

Plani inawekwa juu ya ubao laini unaoingia pini, na juu yake plastiki inayoonyesha ili kole isishike karatasi. Nusu ya mwili wa ndege inajengwa juu ya plani: kwanza mistari mirefu ya juu na ya chini, kisha viunzi vya nusu duara, kisha vijiti vya urefu. Ikikauka, inatolewa na nusu ya pili inajengwa mgongoni mwake. Vijiti vinapashwa kuwekwa kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Anayemaliza upande mumoja kwanza anapata ndege iliyopinda kama ndizi, na hakuna dawa yake.

Hapa ndipo Camel inaonyesha tabia yake. Ile ya kweli ilikuwa na motere, rubani, bunduki na mafuta vyote vimesongamana mbele, ndani ya mita mbili hivi. Motere yenyewe ilizunguka pamoja na helisi, na vijana wengi waliokuwa wanajifunza waliuawa nayo. Lakini pua ilikuwa fupi, na ilikaa sawa juu ya uzito wa motere. Maketi haina motere ya chuma. Ina elastike inayovutwa kutoka pua mpaka karibu na mkia, kwa hiyo sehemu ya uzito wake iko nyuma. Pua fupi imebaki, kilicho ndani yake kimeondoka.

Ndege inapaswa kusimama sawa ikishikwa kwa vidole viwili mahali plani imetia alama, chini ya mabawa. Tuseme mkia uko mbali na alama hiyo mara tatu kuliko pua. Gramu moja ya ziada kwenye mkia itadai gramu tatu za risasi ao udongo wa kuchezea ndani ya pua. Gramu tano za uzembe kule nyuma ni gramu kumi na tano mbele, jumla ishirini, na hiyo inaweza kuzidi uzito wa ubao mzima wa balsa. Kwa hiyo mbao nyepesi kuliko zote ziwekwe kwa mkia, nzito zibaki mbele. Mkia usugulliwe mpaka uonekane kama hautashika. Kole itiwe kwa ncha ya kijiti, si kwa kumwaga. Rangi nayo ina uzito: anayetaka rangi za vita kila mahali ajue anachagua ndege ya kutundika sebuleni. Hilo si kosa, ila achague mapema.

Mabawa ya Camel yanadanganya. Bawa la juu ni tambarare kabisa; la chini linapanda kidogo kuelekea ncha, karibu digrii tano. Bawa la chini linatangulia. Kisha vinakatwa vibao vya karatasi ngumu vyenye urefu wa nafasi kati ya mabawa, vinasimamishwa kama mafiga, bawa la juu linalazwa juu yao, na ndipo nguzo zinatiwa kole. Mutu aangalie kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, mpaka aridhike. Waya kwenye maketi ni uzi tu wa kupendeza, haubebi kitu.

Kuvalisha karatasi kunahitaji karatasi nyepesi kuliko ile ya kufungia viatu vipya. Inabandikwa kwa kole iliyochanganywa na maji, inapuliziwa maji, na ikikauka inajivuta kama ngozi ya ngoma. Wakati huo bawa linaweza kujipinda. Libanwe juu ya ubao mpaka likauke kabisa. Kisha linapakwa verni nyembamba ya selulosi.

Hiyo verni haina mchezo. Mvuke wake unashika moto hata kwa mbali. Umeme ukikatika usiku na mutu akawasha mshumaa ao kukaa karibu na mbabula ili amalize koti la mwisho, nyumba inaweza kuwaka. Verni inapakwa mchana, inje, mbali na watoto, na chupa inafungwa. Mtoto hapashwi kuipaka peke yake.

Siku ya kuruka

Asubuhi kabla ya upepo, juu ya majani marefu. Kwanza bila elastike: ndege inasukumwa taratibu, pua ikitazama chini kidogo, mbele ya mita kumi hivi. Ikiinua pua, ikasimama na kuanguka, pua inahitaji uzito. Ikipiga mbizi, uzito upunguzwe. Ikigeuka upande mumoja, bawa fulani limepinda. Mvuke wa sufuria ya maji unalilainisha na vidole vinalinyoosha.

Kule Bukavu na Goma, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, hewa ni nyembamba kuliko pwani. Ndege ileile inahitaji mwendo zaidi kidogo, karibu 7 kwa 100, ili ibebwe. Ndiyo sababu ingine ya kuogopa kila gramu.

Kisha elastike mpya, iliyopakwa glycerine ya duka la dawa, inazungushwa mara chache tu, hamsini hivi, na kuongezwa polepole kila mruko. Helisi ikizunguka upande mumoja, mwili wa ndege unataka kulala upande mwingine, kwa hiyo waundaji wanageuza pua kidogo kulia kwa kutia kijipande cha mbao nyuma ya helisi. Elastike ikikatika ikiwa imejaa, inapasua mwili wa ndege kutoka ndani. Ndiyo maana ikaguliwe kila mara, na ikiwa na mkwaruzo hata mudogo, itupwe.

Baada ya kuruka elastike inatolewa na kuwekwa gizani. Ndege inatundikwa kwa uzi mbali na jua, juu vya kutosha kusudi panya na mende wasifike: karatasi na kole ni chakula kwao. Plani ya zamani inakunjuliwa, inaviringishwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki, na inangojea mutu mwingine anayetaka kujaribu.